Baruti Haipendi Maji

Tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, na tangu hapo imepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi. Katika darasa letu, na naamini katika madarasa mengi, ilikuwepo dakika ya kicheko. Mwalimu anafika pale watu wanapopewa maji ya dawa, wanaahidiwa kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru, na wale wa nyuma wanaanza: "Sasa hawa nao! Maji na bunduki wapi na wapi?" Mwalimu anasubiri kelele zitulie, anaandika ubaoni neno "umoja", tunalinakili, tunafaulu mtihani.

Maelezo ya "umoja" si mabaya. Maji yaliwakutanisha watu waliokuwa hawaelewani, na Hussein mwenyewe aliandika tamthilia nzima juu ya nguvu ya neno hata pale msemaji anapolitilia shaka. Lakini maelezo hayo yanaacha jambo moja njiani. Yanachukulia kwamba walioyapokea maji mwaka 1905 hawakuwa wanajua bunduki. Yaani bunduki ilikuwa mali ya upande mmoja na upande mwingine ulikuwa na mikuki na imani.

Kusini hawakuwa hivyo. Kusini walikuwa wanazijua bunduki kwa muda mrefu kabla ya Mjerumani kupandisha bendera. Na bunduki waliyoijua ilikuwa na adui mmoja mkubwa, tena adui huyo alikuwa ni maji.

Nililielewa hili vizuri zaidi Lupaso. Kwa asiyeijua, Lupaso iko wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Ndiko alikozaliwa Benjamin Mkapa mwaka 1938 na ndiko alikozikwa Julai 2020, na waandishi wengi wa rika langu tunaijua kwa mazishi yale. Mimi nilirudi baadaye, bila kamera, nikiulizia habari za magobore. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mwindaji, umri wake sasa umevuka miaka 80. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba, akauliza watu wa nyumbani, akauliza mvua za huko nitokako, na baada ya hapo tu ndipo akauliza nimefuata nini.

Gobore lake halipo tena. Alilisalimisha miaka kadhaa iliyopita, serikali ilipotangaza kwamba mwenye silaha isiyo na kibali ailete kwa hiari. Kwa hiyo akanionyesha kwa fimbo yake ya kutembelea. Aliisimamisha, ncha juu, akaipuliza kidogo kana kwamba ina tundu.

Unapuliza ili usikie hewa inatokea chini, ujue njia iko wazi. Kisha unamimina baruti kutoka kwenye pembe, kwa kipimo chako, kwa maana kila gobore lina kipimo chake na ukilizidishia linakupasukia usoni. Halafu unaweka tambara au nyuzi za makumbi, unachukua mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, unashindilia. Neno hili "shindilia" ndilo lilikuwa neno la kazi: hatukusema "weka risasi", alisema, tulisema "shindilia bunduki". Kisha chuma chenyewe, goroli moja au vipande kadhaa, kutegemea unamfuata nani. Tambara tena. Mdeki tena. Mwisho kabisa unavuta nyundo nyuma na kuvisha fataki kwenye chuchu, kile kichuma kidogo chenye tundu kinachopeleka moto ndani.

"Anayevisha fataki kabla ya kumaliza kushindilia," alisema, "ukimsalimia mkono utakuta vidole pungufu."

Nilikuwa natazama saa kwenye simu. Kwa fimbo, bila kumimina chochote, bila nguruwe anayemjia, alitumia karibu dakika nzima.

Nikamuuliza juu ya mvua.

"Mjukuu wangu, mvua ikikukuta porini huna bunduki. Una fimbo."

Alieleza jinsi walivyofunika sehemu ya nyundo kwa ngozi, na miaka ya baadaye kwa mfuko wa nailoni. Pembe ya baruti ilikaa kwapani, ndani ya shati. Umande wa alfajiri peke yake ulitosha kukuharibia siku: unafyatua, fataki inalia "ta!", halafu kimya, na mnyama anakutazama. Lakini jioni ukirudi nyumbani mambo yanageuka. Baruti nyeusi ikiungua inaacha masizi yenye chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo inavuta unyevu, na unyevu unaleta kutu. Mafuta peke yake hayaitoi. Kinachoitoa ni maji ya moto. Unachemsha sufuria, unamimina mtutuni mpaka yatoke meupe, unakausha kando ya moto, ndipo unapaka mafuta. Kwa hiyo mwenye gobore anaishi na maji kwa tahadhari kila siku: asubuhi yanaweza kuiua bunduki, jioni ndiyo yanayoiponya.

Sasa rudi darasani na kile kicheko chetu.

Sidai kwamba Kinjikitile Ngwale aliwaza kama fundi wa bunduki. Hakuna anayeweza kudai hivyo, na dawa ile ilikuwa na mizizi yake katika imani za mto Rufiji na mizimu ya Kolelo. Ninachosema ni kidogo zaidi, na nakisema kama maoni yangu: mtu aliyekua akiona baruti ikishindwa na umande, akiambiwa kwamba yapo maji yanayoshinda risasi, hakuambiwa jambo geni. Aliambiwa jambo alilolijua, likiwa limekuzwa. Ahadi ile ilitolewa kwa watu waliokuwa na uzoefu wa baruti, na uzoefu huo ndio tulioufuta tulipocheka.

Tuitazame basi hiyo bunduki ilivyofika.

Katika karne ya 19 bunduki ziliingia kupitia Zanzibar, Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, zikapanda bara na misafara, na zikalipiwa kwa pembe za ndovu, kwa mpira na kwa watu. Nyingi zilikuwa bunduki ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezichoka. Kila jeshi la huko lilipopata silaha mpya, la zamani lilihitaji mnunuzi, na mnunuzi alipatikana Pwani yetu. Za kwanza zilikuwa gumegume, zenye jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche. Baadaye zikaja za fataki. Fataki yenyewe ina asili ya kuchekesha kidogo: aliyefungua njia yake ni mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807. Alikuwa mwindaji wa ndege, na cheche za gumegume zilikuwa zinawashtua ndege kabla risasi haijawafikia.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hata ukiipunguza nusu hesabu hiyo, bado ni bunduki nyingi mno kwa watu wanaodaiwa kutozijua.

Wasomaji waliokua na filamu za Marekani watakuwa wanajiuliza habari za bastola. Ile ndogo ya mfukoni ya Colt, ya mwaka 1849, iliyotengenezwa zaidi ya 300,000, ni ndugu wa gobore la Lupaso. Haikuwa na ganda la risasi. Ina gurudumu lenye vyumba vitano au sita, na kila chumba unakimiminia baruti, unakandamiza goroli, unavisha fataki nyuma, kimoja baada ya kingine. Wapo waliopaka mafuta mazito juu ya kila goroli, kwa hofu kwamba moto wa chumba kimoja utaruka na kuwasha vyote. Hatua ni zilezile alizonionyesha mzee kwa fimbo. Tofauti ni kwamba ukishavumilia kazi yote hiyo, unapata milio mitano mfululizo badala ya mmoja. Wazungu waliopita huku miaka ya 1850 walikuwa na bastola za namna hiyo. Zilizopakuliwa bandarini kwa maelfu, ili ziuzwe, zilikuwa zile za mlio mmoja.

Na mlio mmoja una hesabu yake. Askari aliyefunzwa vizuri, mwenye baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa kwenye karatasi, alifyatua kama mara tatu kwa dakika. Mwindaji wa kawaida alifyatua mara moja. Mtutu laini, usio na mifuo ndani, hauna uhakika zaidi ya hatua 70 au 80. Mtu anayekimbia na mkuki anazimaliza hatua hizo kabla hujauchomoa mdeki.

Masasi walikutana na hesabu hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta pale watumwa waliokombolewa, waanze maisha mapya chini ya milima ile ya mawe ambayo kila apitaye Masasi huipiga picha. Septemba 1882 wakaja Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Wamagwangwara. Wangoni walikuwa na ngao, mikuki na mwendo. Wamisionari hawakuamuru watu wapigane. Waliowahi walikimbia, wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na baadhi ya mateka wakaja kukombolewa kwa nguo. Misheni ikahamia Newala, jirani na Matola, kiongozi wa Wayao. Mtu anaweza kuwalaumu wamisionari kwa kutopigana, na wapo waliowalaumu. Mimi nikipiga hesabu ya gobore dhidi ya watu wengi wanaokimbia kwenye uwanda wazi, naona walijua walichokuwa wanakifanya.

Kwenye vichaka hesabu inabadilika. Uwanda wa juu wa Makonde, kutoka Newala kuelekea mashariki, ulikuwa na vichaka vizito kiasi kwamba njia ilikuwa kama handaki. Humo ndani huoni hatua 80. Unaona hatua kumi. Kwa hatua kumi mlio mmoja unatosha, na kabla moshi haujatawanyika mfyatuaji ameshapotea. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekaa Luagala, aliielewa ardhi hiyo kuliko maofisa waliotumwa kumkamata. Mwaka 1890 alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili kwamba hataitikia wito wake, na akaendelea kuwasumbua Wajerumani mpaka mwaka 1899 aliposhindwa na kuvukia Msumbiji. Miaka tisa, na kwa sehemu kubwa kwa bunduki ambazo Ulaya ilikuwa imezitupa.

(Uwanda huohuo hauna mito juu. Wanawake wa Newala walishuka bondeni na kupanda tena na vyungu kichwani, safari ya nusu siku. Baruti ilikaa kavu kule. Watu ndio walioteseka.)

Mwaka huohuo wa barua ya Machemba, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba Brussels. Tunaukumbuka kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha, navyo vilihusu eneo kubwa la Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki zenye mifuo na silaha zilizoboreshwa zilizuiwa zisiingie mikononi mwa wenyeji. Kilichoruhusiwa kuendelea kuuzwa, chini ya usimamizi, kilikuwa gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara.

Isome tena hiyo. Haikuwa bahati mbaya kwamba babu zetu walibaki na gobore wakati dunia imehamia kwenye risasi za ganda. Iliandikwa, ikatiwa saini. Tunapolitaja gobore leo kama ishara ya ushamba, na magazeti yetu hulitaja hivyo karibu kila wiki, tunakisema kifungu cha mkataba ule bila kujua kwamba tunakinukuu.

Na risasi ya ganda ndiyo kiini cha yote yaliyotokea 1905.

Askari wa Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walibeba hasa bunduki ya Mauser ya modeli ya mwaka 1871. Kufikia 1905 nayo ilikuwa kuukuu. Ilifyatua risasi moja moja, ya milimita 11, na iliunguza baruti nyeusi ileile, ikitoa wingu la moshi lilelile. Kwa macho ya mtu aliyesimama mbali, moshi wa Mauser na moshi wa gobore ulifanana. Lakini baruti ya Mauser ilikuwa imefungiwa ndani ya ganda la shaba, pamoja na fataki yake na risasi yake. Hakuna pembe, hakuna tambara, hakuna mdeki. Askari anafungua, anaingiza, anafunga, anafyatua, na kwa dakika moja anafanya hivyo mara nane au zaidi. Na maji hayaingii. Unaweza kuvuka mto na ganda mfukoni, ukatoka ng'ambo ya pili na kulifyatua.

Ndiyo kusema, tangu ganda lilipofika, baruti ilikuwa imeacha kuogopa maji. Jambo hilo halikutangazwa popote. Ukiwa nje, unaona moshi ni uleule na harufu ni ileile. Huwezi kujua kwamba ndani mambo yamebadilika.

Vita vilianza Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi, mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini dawa ilikuwa imeshasafiri. Kabla Agosti haijaisha, misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimechomwa, na Masasi nayo pia. Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha katika kukimbia Nyangao. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore mengi. Tarehe 30 Agosti maelfu yao waliikabili boma ya Mahenge, ambako walingojewa na bunduki za mashine mbili, zile ambazo wazee waliziita bombom. Bombom moja ilitema kama risasi 500 kwa dakika. Weka hesabu hiyo kando ya ile dakika moja ya mzee na fimbo yake.

Nilimsimulia mzee habari za Mahenge. Hakuuliza idadi ya waliokufa. Aliuliza ulikuwa mwezi gani. Nikasema Agosti.

"Agosti huku hakuna mvua," alisema. "Hata wao baruti yao ilikuwa kavu."

Sijawahi kuona mchambuzi wa *Kinjeketile* aliyeuliza swali hilo.

Baada ya mapigano ikaja njaa, kwa sababu Wajerumani waliamua kuchoma mazao na maghala. Makadirio ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka kuwahoji wazee katika miaka ya 1960, yalifika watu kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa yao hawakufa kwa risasi ya namna yoyote. Waliosalimu amri walitakiwa kukabidhi silaha zao. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, miezi michache tu baadaye, akikusanya ngoma, vinyago na nyimbo. Kitabu chake bado kinasomwa. Mimi nikikisoma siachi kufikiri kwamba alikuwa anatembea juu ya majivu.

Kwa watu wa Pwani, vita vile viliingia fasihi mapema kuliko Hussein: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivitungia utenzi, uliochapishwa mwaka 1933. Anayetaka kujua vita vilivyosikika Lindi kwa masikio ya Lindi aanzie pale.

Halafu moshi ukamgeukia mwenyewe. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, sehemu kubwa ya jeshi la Wajerumani huku bado ilikuwa na modeli ya 71. Waingereza walikuwa na risasi za baruti isiyo na moshi. Sasa askari wa Lettow-Vorbeck ndio waliokuwa wakifyatua na kuonekana, kila mlio ukipandisha kiwingu cheupe juu ya kichwa cha mfyatuaji kama kidole kinachomwonyesha. Ndiyo maana ushindi wa Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na thamani kubwa kwao: walichukua bunduki mpya 455, bombom 16 na risasi 600,000, zikatosha kubadilishia vikosi kadhaa. Abdulrazak Gurnah ametuandikia askari hao katika *Afterlives*, na kwa hilo namshukuru.

Vita hivyo vilikuja kuishia mlangoni kwa watu wa Masasi. Mahiwa iko karibu na Nyangao, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Pale, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Waafrika wa Nigeria na wa kwetu walifyatuliana kwa niaba ya wafalme wa Ulaya. Upande wa Waingereza ulipoteza karibu watu 2,700 kati ya waliouawa na kujeruhiwa. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini risasi za bunduki mpya zikawa karibu zimekwisha na kilichobaki kwa wingi kilikuwa risasi za moshi. Akapanda uwanda wa Makonde, akawaacha majeruhi na wagonjwa nyuma, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma. Ng'ambo, huko Ngomano, aliwashambulia Wareno na kuchukua bunduki zao.

Wakubwa wakamalizana na baruti nyeusi. Gobore likabaki. Waingereza walitawala, wakaondoka, gobore likabaki. Zilizochakaa wahunzi wakazirekebisha, na zilipokwisha wakaanza kutengeneza zao. Mitutu mingine ilitokana na mabomba ya maji, na hili nalisema bila kuongeza neno.

Kwa nini lilibaki? Jibu la polisi ni ujangili, na si la uongo. Ndovu na nyati wengi wameangushwa na goroli za magobore. Lakini mkulima wa Masasi atakutajia kwanza nguruwe mwitu. Nguruwe akiingia shamba la mahindi usiku mmoja, msimu umekwisha. Kwa hiyo watu wanalala shambani, juu ya dungu, na debe la kugonga. Na anayemfuata nguruwe shambani si mkulima peke yake. Utafiti wa Craig Packer na wenzake Watanzania, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu watu 563 waliouawa na simba nchini kati ya mwaka 1990 na 2004, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, na watafiti waliona uhusiano wa moja kwa moja: panapo nguruwe wengi na wanyama wengine wachache, simba anakuja mashambani kwa ajili ya nguruwe na kukuta mtu amelala.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtazami mkulima huyo kwa jicho la peke yake. Silaha ni silaha, kibali ni kibali, na njia ya kukipata si nyepesi kwa mtu wa kijijini. Marekani, kwa upande mwingine, sheria yao ya mwaka 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo haihesabiwi kuwa silaha kama nyingine, na inawaachia pia watengenezaji wa nakala mpya za zile za kushindilia. Watu wanakwenda uwanjani Jumamosi na bastola za Colt za kuigiza, wanamimina baruti chumba kwa chumba, wanafyatua, wanacheka na moshi, wanarudi nyumbani kuziosha kwa maji ya moto. Kule ni burudani ya wapenda historia. Huku, hatua zilezile zinakufikisha mahakamani. Sisemi magobore yarudishwe. Nimeona mtu aliyepasukiwa na moja, na sitaki kuona wa pili. Nasema tu kwamba historia hiyo ni ya kwetu zaidi kuliko yao, na sisi tumeiachia kurasa za habari za uhalifu, kwenye zile picha za magobore yaliyopangwa chini mbele ya kamanda wa mkoa.

Mzee wa Lupaso alilipeleka lake akitembea, limefungwa kwenye khanga kuukuu ya marehemu mkewe. Alipewa karatasi. Siku hizi analinda shamba kwa debe na moto, na mwaka ule nilipofika nguruwe walikuwa wamemla nusu ya mihogo. Lakini pembe ya baruti anayo bado, imening'inia ukutani juu ya kitanda, ndani kavu kama siku zote. Hakuna aliyeiulizia. Anahifadhia mbegu za ufuta.